Chini ya Chumba cha Pembeni

Dada yake Timazi alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na alipotaka kununua nyumba aliikagua kama mgonjwa aliyeletwa kwa machela, toka utosini hadi unyayoni. Kabla hajataja bei alikwenda ofisi ya ardhi mara tatu, kuhakikisha jina lililo kwenye hati ni la huyo huyo anayeuza, wala si la marehemu aliyeacha watoto kumi na mmoja wasiosemezana. Akapima kiwanja kwa kamba, toka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka. Akaja siku ya mvua kubwa, kavaa mabuti, akasimama uani peke yake kutazama maji yanaelekea wapi. Akafungua mabomba yote kwa mpigo, akawasha taa zote mchana kweupe, akapanda ngazi na kuchungulia darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Kisha akazunguka kwa majirani akijifanya amepotea njia, akanywa vikombe vitano vya chai, akarudi na habari zote za wezi, umeme, kelele na mbwa. Aliyaandika kwenye daftari refu kwa mwandiko wake wa wodini, herufi zimesimama wima kama askari.

Ukurasa mmoja tu aliuacha mtupu. Juu yake aliandika: Kuta na msingi. Huo alimwachia mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi wa kujenga, na watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye risasi nchani ambayo fundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama au unaegemea. Jina hilo alipewa angali kijana, kwa kuwa hakuvumilia ukuta uliopinda hata kwa unene wa ukucha. Mwenyewe alilipenda. "Ukuta hausemi uongo," alizoea kuwaambia wateja, na ile methali ya ufa na ukuta alikuwa ameichoka, maana kila mteja alidhani yeye ndiye wa kwanza kuisema. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa na dada yake kumi na tisa. Aliyemkogesha, aliyemvuta masikio akikosa, aliyempeleka kwa fundi wake wa kwanza akiwa amemshika mkono, alikuwa ni huyo dada.

Basi siku moja yuko juu ya jukwaa anapiga plasta, simu ikalia.

"Kaa chini kwanza," dada yake akasema.

"Niko juu, dada. Nikikaa chini nitaanguka."

"Nyumba nimepata. Na unajua nani kaijenga?"

"Nani?"

"Wewe!" Akacheka mpaka akapaliwa. "Ya yule mwalimu wa hesabu, yenye veranda ya duara. Mzee anahamia kwa binti yake. Nikamuuliza nani fundi wako, akanitajia jina lako kama anamtaja mtakatifu. Nikamwambia, huyo nimemfuta makamasi mimi!"

Timazi alicheka naye, lakini mwiko ulikuwa umeshamtoka mkononi na kugonga ubao wa chini.

Nyumba ile aliikumbuka yote, na hasa pembe yake moja. Miaka kumi na minane nyuma, walipokuwa wanachimba msingi upande wa mashariki, sururu ilizama kama inachimba uji. Hapo palikuwa na choo cha shimo cha nyumba ya zamani iliyobomolewa. Dawa yake aliijua: kutoa uchafu wote, kushuka mpaka udongo mgumu, kujaza mawe na zege kutoka huko chini. Kazi ya siku nne, pengine tano. Lakini mtu mwingine alikuwa anamsubiri Jumatatu kwa kazi ya ghorofa, ghorofa yake ya kwanza, na mwalimu alikuwa safarini akisahihisha mitihani. Timazi akaamuru kitupwe kifusi ndani, mifuko mitupu ya saruji, chochote kilichokuwepo. Wakashindilia juu, wakapanga mawe, wakamwaga zege jembamba, wakaendelea na ukuta.

Mwalimu aliporudi aliuliza, "Fundi, hapa si ndipo palipokuwa na shimo?"

"Tumechimba mpaka udongo mgumu, mwalimu. Tembo akikaa hapa, muonee huruma tembo."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu akamwamini, na akaendelea kumwamini kwa miaka kumi na minane.

*

Siku ya kukagua dada yake alimsubiri langoni, daftari kwapani.

"Ya kwako au si ya kwako," akamwambia, "ikague kama ya mtu unayemchukia."

Mwalimu alikuwa mrefu, amekonda, anatembelea mkongojo. Alipomwona Timazi aliuegemeza mkongojo ukutani ili aweze kufungua mikono yote miwili. "Fundi wangu!" Akamkumbatia. Timazi alisikia mifupa ya mabega ya yule mzee, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akakagua. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akaweka pima maji juu ya vizingiti vya madirisha, akafunga na kufungua milango. Sebule ilikuwa sawa. Jiko sawa. Vyumba viwili vya nyuma vilinyooka kiasi kwamba kwa dakika chache alisahau, akajisikia fahari ya fundi anayekutana na kazi yake ya ujana. Halafu wakaingia chumba cha pembeni.

Mlango ulikwaruza. Chini yake sakafu ilikuwa imechunika, alama kama robo ya duara. Juu ya dirisha rangi ilikuwa changa kuliko kwingine, upana wa mkono mmoja, na alipopitisha kidole gumba alihisi chini yake mstari mwembamba unaopanda kuelekea dari.

"Palikuwa na kaufa ka plasta hapo," mwalimu akasema. "Nilimwita mpaka rangi akapaziba. Ni plasta tu, au siyo, fundi?"

Dada yake alikuwa nyuma, kalamu tayari. "Eh? Pembe hii vipi, mdogo wangu?"

Angeweza kusema, tusubiri. Angeweza kusema, dada, kwa hili tafuta mtu mwingine. Angeweza kumvuta mkono mpaka nje na kumnong'oneza. Lakini kila njia aliyoitazama ilimrudisha kwenye shimo lile lile, na mbele ya shimo amesimama mwalimu aliyemkumbatia sasa hivi. Akajiambia kwamba miaka kumi na minane si haba. Udongo nao hushuka ukachoka, ukatulia. Pengine umeshatulia.

"Nzima," akasema.

Dada yake akaandika. Akafunga daftari, akazunguka pale katikati ya chumba mikono kiunoni. "Humu nitalala mimi. Nimefanya kazi zamu za usiku maisha yangu yote. Sasa nataka jua la asubuhi linikute kitandani."

*

Miezi mitatu ya kwanza Timazi hakupitisha wiki bila kwenda kumwona. Leo amepeleka bawaba mpya, kesho amepita tu, alikuwa njiani. Akikaribishwa chai huketi mahali anapoweza kuona mlango wa kile chumba. Akipata nafasi huingia, akauchungulia ule mstari juu ya dirisha, akatoka na jasho mgongoni.

"Tangu nihamie hapa mdogo wangu hakauki," dada yake aliwaambia majirani, na uso wake uling'aa alivyosema hivyo. "Watu husema ndugu wakizeeka hutupana. Sisi bado."

Timazi alikunywa chai yake. Hakuna adhabu iliyomkaa rohoni kama sifa zile.

Kisha mvua za masika zikaanza, na mwaka ule zilinyesha kama zina kisasi. Asubuhi ya siku ya tisa dada yake aliamka mapema, akaenda jikoni kuinjika maji ya chai. Akasikia mlio kama ubao mkubwa unavunjwa gotini. Aliporudi, sakafu ya chumba cha pembeni ilikuwa imeshuka kiasi cha shubiri, miguu miwili ya kitanda imezama, na ukuta umefunguka toka dirishani mpaka juu. Kupitia ule ufa aliziona nguo za jirani zilizoanikwa barazani.

Akampigia mdogo wake. "Njoo. Usikimbie, sijaumia."

Alimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, kavaa koti juu ya gauni la kulalia, mkoba na daftari mapajani kama abiria. Binti yake wa pekee, karani wa mahakama mwenye ulimi mkali kama wembe, alikuwa ameshafika.

"Mjomba," yule binti alisema bila hata salamu, "hivi siku ile ulikagua nini? Rangi?"

"Funga mdomo," mama yake akamkata. "Mjomba wako ana macho, hana eksirei. Kilicho chini ya ardhi atakionaje?"

"Lakini ni fundi, mama!"

"Ni fundi, na mimi nilimsimamia mgongoni na kalamu kama trafiki. Nilimharakisha. Kosa ni langu." Akamgeukia mdogo wake, akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. "Usijilaumu. Umesikia? Sitaki uende kujikondesha kwa ajili yangu."

Timazi alifungua kinywa. Kilikuwa kizito, kama kimejaa saruji mbichi.

"Aliyejua ni yule mzee," dada yake akaendelea. "Alipaka rangi juu ya ufa. Ametuchezea shere." Akatoa simu, akampigia mwalimu pale pale, na yeye ambaye hakuwahi kumpandishia sauti hata mgonjwa mlevi, siku hiyo alipandisha. "Mtu mzima! Mwalimu! Umefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, kumbe mwongo!" Sauti nyembamba ikajibu upande wa pili, ikasema hakujua, aliambiwa pamechimbwa, wallahi hakujua. Akamkatia.

Timazi alikuwa anatazama viatu vyake. Maneno hayo yalimstahili yeye, si mwalimu. Yalipita hatua mbili mbele yake, yakamfuata mtu mwingine, na yeye akayaacha yapite. Jioni mkewe alimuuliza mbona hali chakula. Akasema tumbo.

*

Siku ya tatu gari la kukodi lilisimama langoni. Mwalimu akashuka, polepole, koti limefungwa vifungo vyote. Dada mtu hakumkaribisha, lakini hakumzuia. Mzee akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pembe iliyopasuka, akatazama kwa muda mrefu. Timazi alikuwepo, anaegemeza magogo ukutani usije ukaanguka. Walipeana salamu kwa kichwa tu.

Mwalimu akavua kofia. "Mama," akamwambia dada yake Timazi, "sikujua. Lakini nyumba ilikuwa yangu, na mkono uliopokea fedha zako ni huu. Sina la kujitetea. Nimekuja kukuomba radhi."

Akaukamata mkongojo kwa mikono miwili na kuanza kukunja magoti. Mzee wa miaka sabini na minane, kwenye tope.

Timazi alimdaka mkono kabla goti halijagusa. "Usipige magoti, mwalimu."

"Niache, fundi."

"Usipige magoti nimesema! Si wewe." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, mpaka jirani akachungulia ukutani. "Si wewe. Ni mimi."

Ndipo akasema yote. Hakusema vizuri. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja ghorofa, akataja Jumatatu, akataja mifuko ya saruji. Alipomaliza, mwalimu bado alikuwa amemshikilia, kama vile yeye Timazi ndiye angeanguka.

"Nilikuuliza," mwalimu akasema taratibu. "Unakumbuka nilikuuliza?"

"Nakumbuka."

"Ukanijibu nini?"

"Tembo," Timazi akasema, na machozi yakamtoka kwa aibu ya neno hilo.

Mzee akauachia mkono wake.

Dada yake hakusogea. Alikuwa anamtazama kama anavyotafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa, kwa utulivu, inchi kwa inchi. Kisha akafungua daftari na kusoma kwa sauti: "Pembe ya mashariki. Mdogo wangu kasema nzima." Akainua macho. "Siku ile ulihisi tu, au ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua, dada."

"Na nikasema mbele yako nitalala humu."

Binti yake alifungua mdomo, mama akainua kidole kimoja, binti akaufunga.

Kisha yule mama akamgeukia mwalimu, na sasa aliyekuwa na aibu usoni alikuwa yeye. "Nilikuita mwongo," akasema. "Mbele ya mwanangu na majirani. Nisamehe, mwalimu. Ingia ndani, upate kitu cha moto."

Wakaingia wote watatu. Mlango haukufungwa, lakini hakuna aliyemwambia Timazi karibu.

Baada ya nusu saa dada yake akatoka peke yake. "Utaitengeneza."

"Nitaitengeneza, dada. Kwa mikono yangu, na kila kitu juu yangu."

"Na neno lako silitaki. Kila utakachofanya, mtu mwingine atakikagua kwanza. Umeelewa, fundi?"

Fundi. Tangu azaliwe hajawahi kumwita hivyo.

*

Aliyeletwa kukagua alikuwa mhandisi, mwanamke wa miaka kama thelathini, mabuti yake yana tope la kweli. Alimfahamu yule binti karani, lakini kisa chenyewe hakuambiwa. Alizunguka pembe, akachomeka nondo ndefu ardhini, ikazama mpaka mkono wake ukagusa majani.

"Jamani!" akasema. "Mjinga gani alijenga hapa?"

Vibarua wawili wakatazama pembeni. Majirani walikuwa barazani.

"Mimi," Timazi akasema.

Mhandisi aliichomoa nondo, akaifuta kwa majani. "Haya," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Basi unajua shimo linaishia wapi. Tuonyeshe."

Walichimba chini ya msingi vipande vipande, mita moja kwa mara moja, ili ukuta uendelee kubebwa na sehemu nyingine. Kipande kikitolewa, hujazwa mawe na zege toka udongo mgumu kwenda juu, kikaachwa kikauke, ndipo kinaguswa kingine. Ni kazi ya goti na kiwiko. Timazi, mwenye miaka hamsini na sita, hakukubali kibarua ashuke kabla yake. Huko chini alikutana na ujana wake: vigae vilivyovunjika, ndara moja, na mfuko wa saruji uliokunjwa na kufungwa fundo kwa namna anavyofunga yeye tu. Ulitoka mzima, mweusi, unanuka. Aliutupa juu na kukaa kidogo shimoni, kwa kuwa hakutaka vibarua waone uso wake.

Mhandisi alikuja kila baada ya siku mbili. Siku moja alisema, "Mzee, hapa bado, shuka zaidi," akashuka zaidi. Majirani, ambao zamani walimwamkia "shikamoo fundi" toka mbali, sasa walimuuliza wakicheka kama kuna dhahabu. Mteja mmoja aliyekuwa amempa kazi ya uzio alituma ujumbe kwamba ameahirisha. Hakusema mpaka lini.

Saa saba kila siku dada yake aliweka sahani iliyofunikwa juu ya kizingiti, akarudi ndani. Chakula kilikuwa kizuri, tena kingi. Alikula akiwa amegeukia ukuta.

Kazi ilichukua wiki sita. Ufa ukashonwa kwa nondo, sakafu ikamwagwa upya, mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Mhandisi akaandika karatasi yake, akaweka sahihi, akamkabidhi mwenye nyumba. Mvua za vuli zikaja, zikapiga wiki mbili, na ukuta haukutingishika. Dada yake akarudisha kitanda chake pale pale chini ya dirisha.

Jumapili moja akamwita. Alimtilia chai, mara ya kwanza tangu siku ile, wakakaa kwenye veranda. Waliongea habari za mpwa, za mgongo wake, za bei ya mkaa. Timazi akaanza kuhisi kifua kinalegea.

"Nina swali," dada yake akasema. "Nimekaa nalo muda mrefu."

"Uliza, dada."

"Iko nyingine?"

Alimwelewa papo hapo. Angeweza kusema hapana, na pengine angeaminiwa, maana dada yake alikuwa amechoka kutomwamini.

"Moja," akasema. "Jiko. Kule nyuma ya soko la mbao. Nguzo moja niliiwekea nondo mbili badala ya nne."

"Watu wanakaa?"

"Wanakaa. Mwenyewe wa kwanza aliuza. Waliopo sasa siwajui."

"Walioinunua walikagua?"

"Nondo haionekani, dada. Iko ndani ya zege."

Dada yake akatikisa kichwa polepole, akachukua kikombe mkononi mwa mdogo wake na kukiweka mezani. "Basi unakunywa chai hapa kwa nini?"

Timazi alikwenda huko kwa miguu. Ilimchukua karibu saa nzima, na mara mbili alisimama akijifanya anafunga kamba za viatu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi ya kijani siku hizi, na mbele kulikuwa na baiskeli ya mtoto. Kutoka jikoni ulisikika mlio wa sufuria. Akabisha hodi. Mbwa akabweka.

Mwanamke mwenye kitoto kiunoni akafungua nusu ya lango. "Karibu. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, mama." Uso ulikuwa unamwaka mpaka masikioni. "Mimi ni fundi. Nyumba hii niliijenga mimi. Kuna nguzo jikoni kwenu ambayo sikuijenga vizuri, na nilijua tangu siku ile. Naomba mtoke jikoni kwanza, halafu nitakueleza."

Yule mwanamke akageuka na kuita ndani kwa sauti kubwa, watoto watoke, wote, waache kila kitu, watoke sasa hivi.

Timazi akasubiri pale langoni, mikono nyuma, huku wanatoka mmoja mmoja na kumtazama.